Eda ya Mke wa Mwimbaji

Siku hizo mtu aliandikwa marehemu pindi watu milioni moja walipoamini amekufa, na kumsemesha likawa kosa. Mashabiki wa Shekue, mwimbaji maarufu, waliona kavaa saa mkono wa kulia kwenye picha ya albamu, wakasikia "kwaherini" ndani ya kibwagizo, wakaamini amekufa, na milioni ikatimia.

Mkewe, Mwanakombo, akakalishwa eda, naye Shekue yumo humo humo ndani. Jirani yao, Bi Rehani, alipoleta pilau, Shekue alimpokea bakuli.

"Karibu, jirani."

Bi Rehani hakumtazama. "Pole, shoga. Marehemu alikuwa mtu mwema."

"Mno," akajibu Mwanakombo. "Na pilau yako aliipenda."

Mwanakombo alipong'amua alichosema, Shekue alikuwa ameshaweka bakuli chini, anaelekea chumbani.