Mashine Ikikwama

"Mradi haupatikani," kompyuta ilimwambia Urbano, na hapo kitumbua kikaingia mchanga.

Alibofya tena. Maneno yakawa yale yale. Mwongozo wa mashine ya kukamulia alizeti, kazi aliyoiandika ukurasa kwa ukurasa, ulikuwa umetoweka. Leo Obadia, aliyempa kazi hiyo, angetuma dereva kuufuata kabla ya chakula cha mchana. Leo akina mama wa Sepuka, ambao Obadia aliwanunulia mashine hiyo, wangeiwasha kwa mara ya kwanza.

"Mama Enock! Nani amegusa kompyuta yangu?"

Editha alitokea mlangoni, mikono imejaa unga. "Nani aiguse, baba Enock? Mimi na kompyuta wapi na wapi?"

"Basi ni Enock. Amecheza michezo yake humu."

"Enock yuko shuleni," mkewe alisema, akarudi jikoni.

Urbano alikuwa mtu wa utaratibu. Alianza na kapu la taka la kompyuta. Tupu. Akafungua folda ya nakala za akiba. Tupu pia.

Hata hivyo, aliijua programu yake ya kuandikia miongozo. Kila ukurasa ni faili peke yake. Faili la mradi ni kamba tu ya kuzifunga kurasa pamoja. Kamba ikikatika, kuni hazipotei, hutawanyika. Akaunda mradi mpya, akaanza kuziokota kurasa moja moja: kufunga mkanda, kupaka grisi, kuchuja mafuta. Mikono yake, iliyokuwa imemwaga chai asubuhi, haikukosea kitufe hata kimoja.

Zikarudi kurasa zote isipokuwa mmoja. Ule wa mashine ikikwama.

Ukurasa mwingine wowote ungeweza kungoja. Alizeti ikikwama kwenye koo la mashine, mtu asiyeambiwa hutia mkono aizibue, na mashine ikizibuka haisubiri mkono utoke. Kule Ulemo aliwahi kuona vidole vya mtu ndani ya mashudu, makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Sasa aliwaona kichwani mwake wanawake wa Sepuka wameizunguka mashine mpya, mmoja wao akikunja mkono wa gauni.

"Mpigie Obadia!" alipaza sauti. "Mwambie wasiwashe!"

"Nimempigia. Anasema hawawashi mpaka mwongozo ufike."

"Wale hawangoji, nawajua! Mpigie tena!"

"Nitampigia. Chai yako inapoa."

"Chai! Watu wanakatika vidole, wewe unaniletea habari za chai!"

Alijaribu kuuandika ukurasa upya. Hatua ya kwanza ilikuja. Ya pili ilipofika, ya kwanza ilikuwa imeshaondoka. Akajipiga kofi kwenye paji la uso, akaanza tena, akapotea tena. Nje jua lilikuwa limekwishapanda, na kila gari lililopita barabarani lilimfanya achungulie dirishani.

Sentensi moja tu ilikataa kumtoka akilini. Mkono wako si chombo cha kazi hii. Aliyeiandika ni yeye, na aliikumbuka hadi nukta yake.

Akaichapa kwenye sehemu ya kutafutia, akaiamuru kompyuta ichungulie ndani ya kila faili, hata liwe la nini. Alikaa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili, midomo ikicheza kama ya mtu anayesali.

Jina moja likajitokeza. Ukurasa ulikuwa ndani ya folda ya nyimbo za kwaya.

"Kwaya!" Urbano alicheka huku machozi yakimtoka. "Mama Enock, njoo uone! Mwongozo wa mashine umekwenda kuimba!"

Dereva aliingia wakati Urbano anaunakili mwongozo kwenye flashi. Alikuwa mwanamume mwenye ndevu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva wa Obadia?"

Yule mtu alimtazama Editha kwanza. "Ndiye mimi."

"Dereva gani ananuka mashudu namna hiyo?"

"Nabeba na mizigo, mzee."

"Wameiwasha? Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna, mzee. Wanakungoja wewe."

Urbano alimkabidhi flashi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. "Waambie waanze na ukurasa wa kukwama. Kabla ya yote. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Baada ya hapo Urbano alikula, akaomba aongezewe, akaegemea kiti chake na kupitiwa na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Dereva hakuwa amekwenda mbali. Aliingia kwa mlango wa uani, akavua kofia, akaiweka flashi mezani.

"Kaa ule, Enock," Editha alisema.

Hakukaa. "Mama, anateseka kwa mashine iliyowashwa zamani, nikiwa bado shuleni. Kwa nini usiyaache tu hayo mafaili mahali pake?"

"Jumapili niliyaacha. Alishinda getini, akimuuliza kila apitaye kama ametumwa kumwita kazini."

Editha aliivuta kompyuta. Akaufuta mradi ambao mumewe alikuwa ameujenga, akautenga ukurasa wa kukwama. Vidole vyake vilikwenda haraka, bila kutafuta.

"Kwenye kwaya ameshauona," alisema. "Kesho niuweke wapi?"

Enock alimtazama baba yake aliyelala.

"Weka kwenye picha za harusi yangu. Labda ataziangalia."