Akaunti Mpya ya Bwana Gasper

“Hata ukubwa wa herufi usiuguse,” Mama Upendo alisema kwa mara ya tatu. “Akaunti ya bosi kwenye mashine mpya ifanane na ya zamani, kama shilingi kwa ya pili.”

Twahiru alibetua midomo. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka Dar es Salaam, vumbi mpaka kwenye kope, kuwaletea watu wa mradi wa maji Newala kompyuta mpya. Sasa karani wa kupiga chapa anamfundisha kazi!

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Bwana Gasper? Hayupo.”

“Hayupo tangu jana. Anarudi lini?”

“Hajasema.”

Mama Upendo aliinama akaandika neno la siri la bosi wake, vidole vikienda bila kutafuta. Twahiru aliguna. Meneja gani huyu asiyefungua hata mashine yake mwenyewe?

Ndani mlikuwa na vituko zaidi. Herufi kubwa kama za ubavuni mwa basi. Picha ya pampu imetanda kioo kizima. Na kila barua, kabla hata haijaandikwa neno, ilikuwa tayari na mwisho wake: *Wenu katika kazi, Gasper*, na chini yake picha ya sahihi.

“Hata kusaini anaona taabu?”

“Nakili na hiyo,” Mama Upendo alisema.

Alinakili. Mstari wa buluu ulijivuta kiooni kama konokono, naye akawa na muda wa kutosha wa kumdharau mtu asiyemjua. Jana alimuuliza mlinzi, Awadhi, akajibiwa bosi kaenda Ndanda, hospitali. Akamuuliza Pili, muuza chapati, naye akasema, “Yuko Lupaso, mwanangu, anapalilia mikorosho.” Wote wawili walijibu haraka, na wote walitazama chini. Mzururaji amewafunza mji mzima kumdanganyia, nao washamba wamekubali!

Na huko Dar wafadhili walivyomsifu! Tangu serikali iseme kila mtu ajitegemee, miradi mingapi ilikuwa imekufa kusini? Huu tu ulibaki, kwa sababu ya barua za Gasper. Kila mwaka aliandika, na kila mwaka wazungu wakatoa dizeli ya pampu. “Mradi ni Gasper,” walikuwa wakisema. “Siku akiondoka, tunafunga.” Laiti wangejua mtu wao anashinda wapi.

Saa nne kazi iliisha. Twahiru alifungua akaunti mpya: pampu ileile, herufi zilezile, sahihi ileile. Mama Upendo alishusha pumzi.

“Ahsante, baba. Safari njema.”

“Bado.” Twahiru alitoa fomu aliyokwisha kuijaza tarehe, 12 Agosti 2002. “Asaini kwamba amepokea.”

“Niachie, nitampelekea.”

“Mbele yangu. Ndiyo kanuni mpya.”

“Baba, nakuomba.”

“Mama, mimi si wa kuchezewa. Nisipomwona leo, narudi na mashine zote mbili, na nitaandika kwamba ofisi hii haina mtu.”

Mama Upendo alitazama dirishani. Nje, kwenye bomba, wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Ndoo ambazo zamani ziliteremka nao mpaka bondeni na kupanda tena, nusu siku nzima. Aliwatazama kwa muda mrefu. Alipogeuka, ule unyenyekevu wote ulikuwa umemtoka usoni. Alijitanda khanga.

“Twende.”

Walipopita penye bomba wanawake waligeuka kuwatazama. Mmoja wao, aitwaye Sijaona, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, aliuliza kitu kwa Kimakonde. Mama Upendo alimjibu neno moja. Sijaona akaitua ndoo chini, na wenzake wakatua zao, wakawafuata nyuma.

Twahiru alirekebisha kola. Naam, waje tu, washuhudie bwana mkubwa wao akiaibishwa. Alianza kuyapanga maneno kichwani: *Mheshimiwa, kazi hufanywa ofisini.*

Njia ilizunguka nyuma ya kanisa, ikaingia chini ya mikorosho.

“Ndiyo huku anakojificha?” aliuliza. “Anafanya nini saa hizi?”

“Amelala.”

“Saa nne hii, amelala!” Twahiru alicheka kwa sauti. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mama Upendo alisimama, akainama, akaanza kupangusa majani makavu kwa kiganja, taratibu, kama anayempangusa mtu uso. Saruji ikaonekana, kisha maandishi: *Gasper Nikolao. Alizaliwa 1941. Alifariki 9 Machi 1999.*

“Huyu hapa,” alisema. “Msainishe.”