Antena za Moa

"Moa iko huku, Haji! Huko unakoelekeza ni Pangani!"

Mselem alipaza sauti chini ya mnara wa redio wa Pongwe, viatu vyake vyeupe mbali na matope. Juu, fundi Haji alikuwa akifunga antena ya nne, jasho linamtiririka. Aliendelea kukaza nati. Mselem ndiye mtangazaji, na mtangazaji hakatishwi maneno hata akizungumzia nyaya asizozijua.

Tanga mjini walimpata vizuri. Moa redio zilikoroma tu, na huko ndiko alikokaa Mzee Mwinyijuma, baba yake Sabiha. Mselem alikuwa amepeleka posa, mzee akamjibu mshenga: "Bwana huyo asema yeye ndiye sauti ya pwani nzima. Basi nami niisikie hapa barazani kwangu, ndipo tuzungumze mahari."

Ndiyo maana Mselem alimganda meneja mwezi mzima mpaka antena zikaongezwa. Kulibaki kero moja. Lazima mtu akae Moa na redio, asikilize kila jioni, kisha aandike antena zigeuzwe wapi. Mwenyewe hakwenda, angetangaza nani? Akampeleka Haji, afikie kwa mzee yuleyule.

Barua ya kwanza ikaja: "Sauti haijafika. Igeuzeni ya tatu kidogo. Wenyeji wamenipokea vizuri."

Ya pili: "Bado. Niongezeeni wiki. Mama wa hapa kaniomba nimtengenezee cherehani."

Ya tatu: "Inakaribia. Nitumieni kanzu nzuri, mzee apenda tufuatane msikitini."

Mselem alicheka mpaka akakohoa. Fundi wa watu, hata kanzu hana! Akamtumia ya kwake mwenyewe, yenye darizi shingoni, wakwe wasije wakadhani anafuatana na watu wa ovyo.

Barua ya nne ilikuwa na maneno mawili: "Inasikika vizuri."

Ijumaa ile Mselem alinyoa ndevu na kujifukiza udi, ingawa redio haichukui harufu. Saa moja jioni aliingia studio. Mezani palikuwa na bahasha ya matangazo kutoka Moa, imeletwa na basi la mchana, haijafunguliwa. Kupitia karatasi kabla ya kusoma hakukuwa desturi yake. Hayo aliwaachia wanaojifunza kazi.

Alifurahi. Mzee yuko barazani sasa hivi, na Moa nzima imemzunguka.

Taa nyekundu ikawaka. Akaifungua bahasha, akaiachia sauti yake nzito, nayo ikapita antena zote nne, ikafika Moa bila kukwaruza hata kidogo:

"Mzee Mwinyijuma wa Moa anawaalika ndugu, jamaa na marafiki kwenye harusi ya binti yake Sabiha, atakayeolewa Jumapili hii baada ya alasiri na Bwana Haji, fundi wa antena."