Upande wa Waya

"Sigusi kitu mpaka Nanzala aitwe," Mildred alisema, akaisukuma kibodi ya kompyuta ya ofisi kando.

Elphas, mwenye kiwanda cha unga, alimkazia macho. Alikuwa amemwita fundi wa mtandao, si wakili.

"Madam, wewe nionyeshe tu ni nani. Huyo karani wa ghala namfukuza leo, na polisi wanakuja saa sita."

"Hata mwizi wa kuku husomewa kesi akiwa amesimama hapo, sembuse mama wa watoto watatu. Aletwe, ama nijiendee zangu. Nina kazi nyingine Kaptagat."

Kituyi, shemeji yake Elphas na mnunuzi wake wa mahindi, alicheka kwa pua. "Mwite tu, shemeji. Si ni kuvuka barabara?"

Ofisi ilikuwa upande huu wa barabara, ghala upande ule. Waya haungeweza kupita juu ya malori, kwa hivyo mwaka jana Mildred alifunga antena mbili zinazotazamana, moja juu ya paa la ofisi, nyingine juu ya ghala. Kilichoingia kwa waya huku kiliruka hewani, kikatoka kwa waya kule. Elphas hakupenda kukumbuka mambo mengi. Aliagiza waifai iwe na jina moja na nenosiri moja pande zote mbili, simu ijiunge yenyewe popote mtu alipo.

Sasa barua pepe ya kiwanda ilikuwa imepeleka picha nne kwa shule kumi na moja zinazonunua unga hapo. Mahindi yaliyoota ukungu wa kijani. Magunia yenye nembo ya kiwanda. Mashine ya kusaga ikingoja kando. Ruta ilikuwa imehifadhi namba ya kifaa kilichotuma, herufi na tarakimu kumi na mbili, lakini haikusema ni cha nani wala kilikuwa wapi. Elphas hakuhitaji kuambiwa. Ni Nanzala aliyekataa mbele ya wapakiaji wote kutia sahihi mahindi hayo yasagwe.

Aliingia bila kubisha, vumbi la unga kwenye nyusi, mikono ndani ya mifuko ya koti la kazi.

"Nimefika. Kama ni kufukuzwa, nifukuze. Msamaha siombi. Hayo mahindi yameoza."

"Wewe nyamaza!"

"Nimenyamaza mwezi mzima, bosi. Watoto wangu wanakunywa huo uji huko shuleni."

"Si tuangalie simu yake tumalize?" Kituyi alisema.

"Tutaangalia za wote," Mildred alijibu. "Tuanze na yako?"

Kituyi akaifunika yake kwa kiganja.

"Kwanza chai," Mildred alisema. Vivian, karani wa ofisi, akamimina. Mildred aliinywa polepole, akisoma kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta tarehe ya harusi, mpaka Elphas akaanza kugonga meza.

"Haya." Alifungua orodha kwenye kompyuta, akamgeuzia Elphas kioo. "Hizi antena ni daraja. Daraja halisomi barua za watu. Linapitisha tu, na linakumbuka kila kifaa kimeingilia mlango gani. Aliye upande huu, hata akitumia simu, hulifikia kwa waya. Aliye ghalani hulifikia kwa redio. Nisije nikaambiwa nimependelea mtu. Bonyeza mwenyewe, tafuta ile namba."

Elphas alibonyeza kwa kidole kimoja. Akashuka mstari kwa mstari, karatasi ya namba mkononi. Ilikuwa ya saba. Akailinganisha mara mbili.

Kando yake paliandikwa: waya.

"Hii… ni upande huu?"

"Wewe ndiye unasoma."

"Si ghalani?"

"Mzee, ni neno moja tu hapo. Nikutafsirie?"

Elphas aligeuka polepole. "Kituyi. Lete simu."

"Mimi? Shemeji, mimi ndiye nilinunua hayo mahindi!"

"Na ulipoyanunua uliniambia ni makavu. Lete simu."

Vivian alikuwa ameshaweka yake mezani. Kituyi aliikumbatia ya kwake kifuani kama mtoto kwenye foleni ya chanjo. "Simu ya mtu ina mambo yake," alisema, na jasho likamtoka.

"Nanzala arudi kazini?" Mildred aliuliza.

Elphas alipunga mkono bila kumtazama. "Aende. Vivian, waambie polisi wasije."

Nanzala hakusogea. "Na mahindi?"

"Mahindi gani tena?"

"Yale. Bado sitii sahihi."

"Hayasagwi! Kwa picha hizo wakaguzi wanakuja kesho, nani atayasaga? Toka!"

Walitoka. Nyuma yao sauti za mashemeji zilipanda, kiti kikaanguka. Wanawake wawili walivuka barabara, lori la magunia likawapisha.

Ndani ya ghala, Mildred alitoa simu yake, akaifungua orodha ileile, akasubiri. Ile namba ilikuwa bado ya saba. Neno la kando yake ndilo lililobadilika: redio.

"Izime hiyo simu ya mfukoni kabla mzee hajabonyeza tena," alimwambia Nanzala bila kuinua kichwa. "Na kesho utapiga picha kwa simu yangu."