Kura ya Mama Mdogo

Kamati ya bajeti iligawanyika katikati, ikabaki kura moja tu, ya mama mdogo.

Pengo la fedha za serikali lilipaswa kuzibwa kwa kupandisha kodi ya unga, au kwa kuzima mashine za hospitali za kusafisha figo. Mashine hizo ndizo zilizokuwa zikimweka hai mama yangu, dada yake.

"Unga tunakula wote," mbunge mmoja alimwambia. "Ukiugusa, jimboni urudi na kofia ya chuma."

Wenzake wakacheka. Mama mdogo alinitazama nilipoketi na wageni, akawa anazungusha bangili mkononi.

Ilikuwa ya mama. Asubuhi ile mkono wake ulikuwa umevimba hata tukaivua kwa sabuni, akampa mdogo wake. "Nishikie. Uvimbe ukishuka utanirudishia."

"Kodi ya unga, mheshimiwa?" mwenyekiti aliuliza.

Mkono ulibaki mezani.

"Basi mashine zizimwe? Ni mkono tu unainua, mama, si gunia la mawe."

Akauinua. Bangili ikateleza kwenye mkono ule mwembamba, ikashuka mpaka kwenye kiwiko.