Kopo la Siwema

Mzee Ngwali alisimama mlangoni kwa Bi Mwanaidi, dada wa marehemu mkewe Siwema, akashindwa hata kupiga hodi. Asubuhi ile mwanasheria alimweleza kwamba vile vidonge vya maumivu alivyokuwa akimeza mkewe vimeondolewa madukani kwa kuwa vinasimamisha moyo, na kwamba ana haki ya kushtaki. Wakubwa wa kampuni ya dawa walijua, wakanyamaza, Siwema akafa. Ngwali aliwalaani njia nzima. Lakini vidonge vilivyobaki alimpa Bi Mwanaidi mwenyewe siku ya kuondoa matanga, pamoja na khanga za Siwema.

Bi Mwanaidi alitoka akitembea upesi. "Karibu, shemeji. Unayaona magoti yangu? Kama ya kigoli. Dawa ya dada hiyo."

"Nimelifuata lile kopo. Nirudishie."

Bi Mwanaidi alicheka, kisha akaacha. "Na khanga nikuvulie?"

Ngwali alitaka kumweleza. Lakini ni yeye aliyempa, tena kwa mikono miwili.

Bi Mwanaidi aliingia ndani, akarudi na kopo, akalifungua mbele yake. "Chukua, bahili wee. Ila cha leo nameza kwanza."

Ngwali akamdaka mkono, akaung'ang'ania, na majirani waliokuwa barazani wakageuka kutazama.