Upepo Unaoyumba Wenyewe

Siku ya kutetea utafiti wake, Raziki aliingia ukumbini na beseni la maji lililofungwa juu ya meza inayozunguka. Katikati aliweka barafu, mfano wa ncha ya dunia. Ukingoni aliyapasha maji joto, mfano wa nchi za jua kali. Hakuweka milima wala bahari. Alidai kuwa ule mkondo wa upepo upitao juu sana angani huyumba wenyewe, hata pasipo vitu hivyo kuusukuma.

"Mwanangu, dunia si beseni," alisema msimamizi wake, Profesa Shaweji. "Upepo hauyumbi bila kusukumwa. Hesabu zako zina kosa. Karekebishe, urudi mwakani."

Walimu wengine walianza kukusanya mikoba.

"Heshima yangu kwako iko palepale, Profesa," Raziki alijibu, "lakini sitarekebisha kisicho kosa. Naomba mkae."

Akaizungusha meza, akadondosha wino mwekundu. Wino ukachora duara safi kuizunguka barafu, ukatulia hivyo. Mtu akakohoa. Raziki hakugusa kitu. Alifumbata mikono nyuma, akangoja.

Hapo duara likapinda upande mmoja, likajivuta, likapinda tena kwingine. Profesa Shaweji akavua miwani, akainama juu ya maji, na ule wekundu ukawa unayumba chini ya uso wake.